Vigae vya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe katoka hospitali. Nyonga imeungwa, anatembelea mkongojo, hawezi tena kuishi peke yake. Atahamia kwetu au kwa Mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Jumamosi atakagua nyumba zote mbili, kisha ataamua. Mke wangu anamtaka mama yake. Mimi nataka Mwanyumba ashindwe. Nia mbili, safari moja.

Chumba cha wageni kina sakafu ya saruji iliyopasuka. Nimejitolea kuweka vigae. Mke katoa sharti moja tu: mama asiteleze. Nikamwambia aniachie mimi. Akarudia sharti.

Jumanne, 7 Mei
Fundi kaja kupima. Kashauri vigae vyenye mikwaruzo, visivyong'aa, vinavyoshika mguu hata vikilowa. Mke akadakia kwamba mama yake alipiga deki hospitalini miaka thelathini, basi kwa nini tusimuulize yeye. Nikajibu kwamba zawadi haiulizwi. Isitoshe, kupiga deki ni fani moja, kuchagua ni nyingine.

Jioni nikaenda kwa Mwanyumba kupeleleza. Sakafu yake! Kijivu, imeparara kama kisigino changu. Nikajifanya glasi imeniponyoka, maji yakatapakaa sebuleni. Nikasubiri aanguke. Akapita juu ya maji kwenda kuchukua tambara, akapita tena kurudi, akanimiminia maji mengine. Nilimhurumia. Sakafu mbaya namna ile, na mwenyewe hajui.

Jumatano, 8 Mei
Dukani. Muuzaji aling'ang'ania vigae vya kijivu vilivyopangwa mlangoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikapita. Kule ndani nikaviona: vyeupe, vinang'aa mpaka nikaona tundu za pua yangu. Muuzaji akasema vile ni vya ukutani, vya bafuni. Nikamuuliza kigae kinajuaje kama kiko ukutani au chini. Akatoa kikokotoo. Akasema maboksi kumi yanatosha. Nikachukua kumi na sita, maana mtu hajui.

Alhamisi, 9 Mei
Fundi kagoma. Vigae vya ukutani havibebi uzito, na vinateleza. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe kakubali, ila nisilitaje jina lake kwa mtu yeyote. Wivu wa kitaalamu.

Ijumaa, 10 Mei
Chumba kinameremeta. Nikafanya jaribio, fimbo ya ufagio ikiwa mkongojo. Nimeanguka mara mbili. Ya kwanza haihesabiki, nilivaa soksi. Ya pili nilikuwa peku. Kigae kimoja kimepasuka chini ya kisigino. Nimekifunika kwa zulia. Zulia likaondoka nami hadi ukutani.

Mke kasikia kishindo. Kaniinua, kaniketisha kitandani. Nilitegemea ile methali ya asiyesikia la mkuu. Hakuisema. Alisema, "Nina mama mmoja tu."

Niliona haya, kweli. Kisha nikakumbuka sakafu ya Mwanyumba, zikaniisha.

Jumamosi, 11 Mei
Mama mkwe kafika saa nne, akitokea kwa Mwanyumba. Kasimama kizingitini, hakuingia. Akagonga kigae kwa mkongojo. Akaomba kikombe cha maji. Nikadhani ana kiu. Akamwaga nusu sakafuni, akayatazama yakikimbia mpaka ukuta wa pili.

"Baba," akaniambia, "humu nitakufa nikiwa safi."

Mke wangu akaangalia dirishani. Mama mkwe akashika ukumbi, anagonga kila mlango, hadi stoo. Mle sakafu ni saruji chakavu, aliyejenga nyumba hakuhangaika hata kuilainisha. Akamwaga nusu iliyobaki. Akaingia. Akaegemeza mkongojo ukutani, akazunguka taratibu, mara mbili, bila kushika kitu. Akasema sakafu ya kule ni nzuri pia, lakini kule mchana kutwa hakuna mtu. Atakaa hapa, humu stoo, kama hatujali.

Mke akamkumbatia, akalia. Mimi nikatoka nje kumpigia Mwanyumba simu ya pole.

Jumapili, 12 Mei
Tumehamishia kitanda stoo. Magudulia na baiskeli vimekwenda chumba cha wageni. Baiskeli imeanguka yenyewe. Mama mkwe kalala vizuri, asubuhi katembea hadi mlangoni bila mkongojo. Mke anacheka kutwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake alipoanguka.

Jumatatu, 13 Mei
Nimetafakari. Mtu kaonyeshwa chumba kikubwa kinachometameta, kachagua stoo. Sababu ni moja tu: anapenda chumba kidogo. Vigae havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ukubwa wa chumba.

Nimepima stoo wakati anaota jua. Mita mbili kwa tatu. Na maboksi sita yamebaki! Alhamisi mke anampeleka kliniki, hawatarudi kabla ya saa kumi. Fundi hapokei simu. Si neno, nilimwangalia kutwa nzima, nitaviweka mwenyewe.

Leo mama mkwe kaniuliza nafanya nini na futi mle ndani. Nikamwambia napima dirisha, nataka kumwekea pazia. Kanishukuru sana.