Mkasi Wangu Uliozindua Bomba

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kodi,

Nakala: Mheshimiwa Mbunge, ambaye ndiye aliyeondoka nao.

YAH: USHURU WA KULINDA MKASI AMBAO NI WANGU

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu anayeandikia ofisi yenye kiyoyozi. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na bomba la maji la mtaa, hatua sita ukitembea kawaida, nne ukiwa na hasira. Jana karani wako alibandika karatasi mlangoni kwangu: nisipolipa ushuru kufikia Jumatatu, cherehani yangu itachukuliwa. Cherehani hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu, na nimeogopa, sitaki kukuficha. Kwa hiyo nimekaa kuandika nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu ana maoni yake juu ya hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba letu limezinduliwa mara tatu na halijatoa tone. Mara ya kwanza Mheshimiwa alizindua mpango wa bomba, mara ya pili bomba lenyewe, mara ya tatu koki yake. Kila mara lilikuja hema, viti mia mbili, spika za kutikisa mabati, na katoni za maji ya chupa kwa wageni wa heshima. Majirani wanaliita Bi Harusi, maana hupambwa kila ukikaribia uchaguzi na bado liko kwao. Utepe wa mara zote tatu nilishona mimi. Hilo silalamikii, nililipwa. Lakini mke wangu huchota kisimani ndoo mbili alfajiri na mbili jioni, na bega lake la kulia limeshuka. Najua, kwa sababu magauni yake nashona mimi.

2. Siku ya koki, waandalizi walikumbuka kila kitu isipokuwa mkasi. Katibu wa mtaa alikuja kibandani mbio akauchukua wangu, mkasi mzito wa chuma nilioachiwa na marehemu baba. Mheshimiwa alikata utepe, akapigwa picha, akapunga mkono uleule wenye mkasi, akaingia nao garini. Niliufukuza msafara mpaka kona, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Wananchi walidhani nashangilia, wakanifuata kwa vigelegele.

3. Nilipouliza kwa adabu, iliundwa Kamati ya Kufuatilia Mkasi. Ilikuwa na wajumbe saba, akiwemo mtaalamu wa mikasi, ambaye ni shemeji wa mwenyekiti. Walikaa hotelini siku tisa, kisha wakasafiri ng'ambo kujifunza jinsi wenzetu wanavyorudisha vitu vya watu. Kwa posho zao tu, kila fundi nchini angepata mkasi, na wa ziada wa kukatia kucha. Ripoti yao ina kurasa mia moja na arobaini. Nimeisoma yote. Inathibitisha kwamba mkasi upo, ni wa chuma, na unakata.

4. Kamati hiyohiyo ilipendekeza kwamba, kwa kuwa mkasi huo ndio ulioleta maji, uhifadhiwe kama kumbukumbu. Sasa umo ndani ya sanduku la kioo kwenye ukumbi wa halmashauri, na walinzi wa zamu mbili. Nilikwenda kuuona, nikatozwa kiingilio. Nikamwambia mlinzi kuwa ni wa baba yangu, akanionyesha kibao kilichoandikwa “Mkasi wa Mheshimiwa”. Mishahara ya walinzi inatokana na ushuru mpya wanaotozwa wanufaika wa mkasi. Orodha ya wanufaika ina jina moja, nalo ni langu, kwa sababu mimi ni fundi.

5. Tangu hapo nakata vitambaa kwa wembe. Mwalimu mkuu anatembea na suruali ambayo mguu mmoja unafika kiatuni na mwingine umeghairi njiani. Wateja wamenikimbia. Nilipomweleza karani wako hali yangu, pamoja na ukavu wa bomba, alifungua daftari akasema maji yanatoka tangu mwaka juzi. Mke wangu alimwomba amjazie ndoo moja tu kutoka kwenye daftari hilo. Karani alichukia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutuambia kwamba anayelilipa ni yule aliyeahidiwa.

6. Kwa hiyo naomba kulipa kwa utaratibu uleule tulioletewa maji. Jumamosi nitazindua ushuru wangu. Kutakuwa na hema, na wewe ndiye mgeni rasmi. Nitaweka jiwe la msingi la ushuru, nitahutubia kwa saa mbili, utakata utepe (tafadhali njoo na mkasi), tutapiga picha. Fedha yenyewe itafuata upembuzi yakinifu utakapokamilika. Usije ukasema sijalipa, maana kwenye daftari langu nitakuwa nimelipa. Na kura yangu nitaipiga vivyo hivyo: nitaingia kituoni, nitapunga mkono, nitakumbatia sanduku, nitatoka. Kura itakuja awamu ya pili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, Ndugu Mkuu, sasa na tuone kwa binadamu.

Nisalimie makarani wote, hasa aliyebandika karatasi mlangoni kwangu. Aliibandika imenyooka, na mimi naheshimu kazi iliyonyooka. Msalimie na mlinzi wa zamu ya mchana, umwambie autie mkasi mafuta kidogo pale kwenye msumari, usije ukakaza. Baba hakupenda ukaze.

Wako mtiifu mpaka Jumatatu,

Fundi Pindo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, katibu wa mtaa amefika na habari njema. Jumamosi Mheshimiwa anazindua bomba kwa mara ya nne; safari hii anazindua ukarabati wake. Natakiwa kushona utepe wa mita sitini na mashati mia tatu ya kampeni. Nusu ya malipo nimeshapewa, ushuru umefutwa, na mkasi nimeazimwa kwa siku tatu pamoja na mlinzi wake, ambaye ameketi hapa kwenye kiti cha wateja. Kwa hiyo puuza hoja ya kwanza mpaka ya sita. Ombi langu limebaki moja tu: maji yasitoke kabla ya Jumamosi, kwani utepe nimeshaukata.

Nimemsomea mke wangu nyongeza hii. Amechukua kipande cha utepe kilichobaki, akakifunga kwenye ndoo yake tupu, akaiweka juu ya cherehani, akanikabidhi mkasi na kuniambia nizindue. Mlinzi amepiga makofi.