Pire ya Kuvukia Ziwa

Jumatatu, 3 Juni 2002. Baraka.
Nimepata njia! Miaka mitatu na nusu ya kulitazama ziwa na kuhema, leo nimepata njia. Mpishi wa nyumba ya madaktari ameacha kazi, ameenda Kazimia kuuza samaki. Dokta Nicolas anatafuta mwingine. Na vita ikiingia mjini, boti ya Kassimu itawavusha madaktari hadi Kigoma, pamoja na mpishi wao. Mke wangu Félicité yuko huko ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi, na watoto wetu wawili.

Dokta ana vidonda vya tumbo. Anatamani kitu kimoja tu, pire, yaani viazi vya kizungu vilivyopondwa na maziwa mpaka vikalainika, kama alivyopikiwa na mama yake Bukavu. Jumamosi ataonja. Mwenye pire laini zaidi ndiye mpishi. Tuko wawili tu, mimi na mama Anastasie, mjane anayeosha vyombo pale. Mtu wa sombe, yaani majani ya muhogo, na bugali. Namwonea huruma.

Jioni nilikaa mlangoni nikimwona akilini Félicité ananipungia mkono kwenye mchanga wa ng'ambo. Bugali wangu ukaungua.

Jumanne, 4 Juni.
Viazi hakuna. Vinatoka Minembwe, na huko juu wanapigana, pikipiki hazishuki. Dokta amebaki na kikapu kimoja, kila mtu atapewa viazi kumi siku yenyewe. Nifanyeje mazoezi? Akili ni mali! Nimetumia muhogo. Muhogo na kiazi ni ndugu, vyote vinachimbwa. Nimechemsha, nimeponda, nimeupiga kwa mwiko kama mtu mwenye kisasi. Umelainika mpaka unang'aa. Siri ni nguvu ya mkono tu. Ukiona bonge, piga.

Jirani amekuja kuuliza ninagombana na nani.

Jumatano, 5 Juni.
Nimekwenda kupeleleza. Mama Anastasie alikuwa anachambua sombe, hana haraka. Nikamuuliza, kijanja, atatumia chombo gani. Hakuficha hata kidogo!

“Birayi haipigwake sawa bugali, papa Élie,” akasema, birayi akimaanisha viazi. “Unaichemsha na maganda. Unamwanga maji, unairudisha ku moto kidogo ikauke. Unaikamua mu chekeche ikiwa ingali moto, njo unatia maziwa ya moto, polepole. Ukiipiga sana, itakuwa kole.”

Kole! Gundi ya kubandikia karatasi! Nilicheka moyoni. Mshindani gani anatoa siri yake bure? Ni mtego. Nitapiga mara mbili zaidi. Lakini hilo la chekeche nimelichukua.

Alhamisi, 6 Juni.
Chekeche langu la unga limetobolewa na panya. Nimekwenda kwa Waridi, mke wa Kassimu, nikaazima kipande cha wavu wa ndagala, dagaa wa huku. Matundu madogo ajabu! Waridi akaniagiza niuoshe kwa ndimu mara tatu. Nimeuosha mara moja, kwa maji, halafu nikakaa ufukweni wavu ukiwa miguuni. Rasi ya Ubwari ilikuwa inaelea juu ya ukungu, haijashika maji. Nikawaza mwanangu Élie sasa ana miaka minane. Meno ya mbele yameota? Anaikumbuka sauti yangu? Nawakumbuka.

Risasi zimesikika upande wa Fizi mchana kutwa. Watu wanafunga mizigo. Wavu nimeusahau juani.

Jumamosi, 8 Juni.
Siku yenyewe. Nilimenya viazi, nikakata vidogo vidogo, nikachemsha mpaka vikaanza kuyeyuka. Nikakamua kwa wavu. Nikapiga! Jasho, mkono unawaka, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Nilijua nimeshinda.

Dokta alichomeka uma. Alipouinua, pire yote ikafuata, na sahani nyuma yake. Akauliza kwa upole kwa nini inanuka ndagala. Nikajibu ndio mtindo wa huku ziwani. Akatoa gamba moja mdomoni, akaliweka pembeni.

Kisha akaonja ya mama Anastasie. Akafumba macho. Akala mpaka sahani ikaisha, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

Nimerudi nyumbani. Nimelia, sifichi.

Jumatatu, 10 Juni.
Vita imekaribia. Boti inaondoka kesho asubuhi. Nilikuwa nimelala chali nikihesabu mabati ya paa, mara mama Anastasie akaingia. Mume wake amezikwa hapa, akasema, na muhogo wake ungali udongoni. Yeye maji hayavuki. Ameshamwambia Dokta aandike jina langu mahali pa jina lake.

“Wende kwa mama Élie. Batoto banakungoya.”

Nilimshika mikono yote miwili. Akanipa viazi vitano alivyobakiza na chekeche lake mwenyewe, akanieleza tena: maganda, moto, polepole, usipige. Mara mbili. Niliitikia kila neno. Dokta naye amekubali, mradi nisiguse sufuria njiani.

Jumanne, 11 Juni. Botini.
Baraka imekuwa ndogo. Mama Anastasie alisimama ufukweni mpaka sikumwona tena.

Ziwa limetulia. Nimewaza sana, na kosa langu nimeligundua. Mwiko ulikuwa mfupi! Nimemwomba Kassimu kasia lililokatika, amenipa. Leo jioni Félicité na watoto wataona pire inavyopigwa. Jua ni kali, lakini chekeche limekaa vizuri kichwani.