Mayai ya Bata na Kisanduku cha Wote

Jumatatu, 3 Machi
Hili sijamwambia mtu, hata mama. Leo nimeiziba kompaila mdomo.

Shangazi anaunda mashine za kutotolesha mayai. Ijumaa atachagua mmoja wa kuajiriwa: mimi au binamu yangu, Profesa (jina kajipa mwenyewe). Mimi naandika programu ya joto, yeye ya unyevu. Asubuhi kompaila, inayogeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine, ikagoma. Kila mmoja wetu ameunda kigeu cha wote, kinachoonwa na programu zote, kiitwacho "kiwango". Visanduku viwili vya namba, jina moja.

Nibadilishe langu? Abadilishe yeye. Kumwambia nikaona haya. Nikaongeza chaguo dogo tu la kuiambia kompaila isijali majina kugongana, -fcommon. Kelele kwisha. Shangazi akasema nina mkono mwepesi. Nikatazama sakafu, moyoni nacheka.

Jumatano, 5 Machi
Mfugaji kaleta mayai ya bata. Profesa akaweka unyevu sabini. Joto nalo likaanza kuifuata sabini.

Nimeelewa nikiwa napiga mswaki. Chaguo langu limevifanya visanduku viwili kuwa kimoja. Akiandika unyevu wake, anafuta joto langu. Nikiliondoa chaguo hilo, kompaila itapayuka, na shangazi atauliza nani aliinyamazisha. Basi nimeiamuru programu yangu iandike joto langu, thelathini na nane, kila sekunde. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi
Profesa kaona unyevu wake unashuka. Naye sasa anaandika kila nusu sekunde. Nikaenda robo. Akaenda kasi zaidi. Aliponipita mlangoni akaniita mtoto mzuri, akauliza kama bado nachezea kipimajoto.

Ijumaa, 7 Machi
Mfugaji kavunja yai mbele ya shangazi. Limeiva. Akauliza kama chumvi inauzwa kando.

Shangazi akataka kujua nani kagusa nini. Nikainama kuokota maganda. Profesa hakungoja. Akajigamba kwamba unyevu wake haukuyumba, kwa kuwa aliuandika mara mia kwa sekunde. Shangazi akasema kumbe mchokozi ndiye huyu, heri mtoto mtulivu. Nimeajiriwa. Profesa kapewa kazi ya kuosha trei, zinanuka kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa programu zote mbili ni zangu, pamoja na ya feni. Kutafuta majina kunachosha. Nimeunda "kiwango" katika mafaili matatu, na lile chaguo nimeliacha palepale. Kompaila haijasema neno. Nawe uliyesoma hadi hapa, tafadhali, usiseme.