Hatua Mia Mbili Kufika Shuleni

Jumatatu, 22 Juni 1992

Kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu, Madamu Béatha, katuambia watoto saba wa darasa la mwisho hawataki kufanya mtihani wa kumaliza. Wote saba wanatoka nyumba zenye geti la chuma. Wanasema baba zao wana maduka, cheti cha nini. Mmoja wao ni Umuhoza, binti yangu. Nilitazama viatu vyangu.

Madamu anatafuta mzazi mwenye mali, aliyemaliza shule ya msingi, aje Jumamosi azungumze na watoto na kuwaonyesha cheti chake. Théoneste, mwenye malori mawili, akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha juu zaidi. Nina maduka mawili ya vitambaa, siwezi kushindwa na malori. Nikachaguliwa.

Tatizo ni moja. Niliishia darasa la nne. Marehemu baba alikuwa na uwezo, na kutoka kitandani kwangu hadi shuleni zilikuwa hatua mia mbili. Watoto wa wakulima walitembea saa mbili, wakamaliza. Mimi hatua mia mbili zilinishinda. Hata mke wangu Swafiya hajui.

Jumanne, 23 Juni

Suluhisho limepatikana kabla ya chai. Damascène, fundi anayeshona kwenye baraza ya duka langu hapa Nyakabanda, alimaliza mwaka 1964. Nikamwomba cheti chake, nikasema napenda karatasi za zamani. Akakileta kimefungwa kwenye nailoni, akanisihi nisikiweke karibu na chai.

Jina lake limeandikwa juu kabisa: Ntakirutimana Damascène. Ila nikikishika vizuri, kidole gumba changu kinalifunika lote. Mungu hakunipa kidole kinene bure.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Swafiya akauliza kwa nini nakiamkia kioo na karatasi mkononi. Nikamjibu ni mambo ya kamati.

Jumatano, 24 Juni

Umuhoza kanivamia mezani. Anataka kujua mtihani wangu ulikuwa na nini. Nikasema hesabu. Hesabu gani? Kubwa kubwa. Akaniandikia robo tatu, toa theluthi mbili. Nikamwambia wakati wetu sehemu zilikuwa hazijafika Rwanda.

Akanitazama kwa huruma, kisha akakata chapati kunielewesha. Chapati ya tatu, nikaelewa. Jibu ni sehemu moja ya kumi na mbili! Sijui lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo. Mchana kutwa nilipima vitambaa kwa sehemu za kumi na mbili. Mteja mmoja aliondoka.

Nilimwuliza mtoto anayejua hivi kwa nini anakataa mtihani. Akajibu, "Baba, duka si lipo?" Ndiyo maneno niliyomwambia baba yangu.

Alhamisi, 25 Juni

Nimekutana na Théoneste sokoni Kicukiro. Kaniambia huku anatabasamu kwamba kaka yake mkubwa, Twagirayezu, alisoma shule ileile niliyosoma mimi. Jumamosi atakuja, anapenda sana kukumbushana habari za wanafunzi wa zamani.

Mpango mpya: nimepoteza sauti. Nikajifunga skafu shingoni, nikawa naongea kwa mikono. Ulikwenda vizuri hadi saa tisa, mwanamke mmoja alipoweka soda yake juu ya kitenge kipya. Walinisikia hadi kituo cha mabasi.

Ijumaa, 26 Juni

Hotuba ya Ijumaa msikitini ilihusu uongo. Nilikaa nyuma ya nguzo.

Jumamosi, 27 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama mbele ya watoto wote, suti ya kijivu, cheti juu, gumba mahali pake. Nilisema elimu ni mwanga. Nilisema mengi. Jua likawaka, kidole kikalowa jasho, cheti kikateleza hadi miguuni pa Madamu Béatha. Akakiokota, akasoma kwa sauti: "Ntakirutimana Damascène."

"Nipo hapa, Madamu," akajibu fundi wangu kutoka safu ya nyuma. Binti yake naye yuko darasa la mwisho. Alidhani anaitwa, akaja mbele na futi yake ya kupimia shingoni.

Madamu akanigeukia, akauliza taratibu, "Na wewe, Bwana Ismaël, chako kiko wapi?"

Nilimwona Umuhoza. Uongo ulikuwepo, wa aina tatu hivi, wote mzuri. Haukutoka. Nikasema sina. Nikasema niliishia la nne kwa kuwa baba alikuwa na duka, na tangu hapo, ikija barua ya Kifaransa, nasema nimesahau miwani. Sina miwani.

Théoneste alicheka hadi akashika tumbo. Kaka yake akamgeukia akamwambia mbele ya watu wote: "We unacheka nini? Si ulitoroka la tatu?"

Hapo shule nzima ilicheka, na mimi pia, na mwishowe hata Théoneste. Kisha Damascène akaeleza alivyokuwa akitoka Kagarama alfajiri kwa miguu, miaka yote, mvua na jua. Watoto wale saba hawakupepesa macho. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Umuhoza alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa na miaka saba. Swafiya alisema siri ya miwani alishaijua siku nyingi.

Jumapili, 5 Julai

Wote saba wamefanya mtihani. Umuhoza anasema sehemu zilikuwa rahisi. Swafiya kapika pilau, Damascène kaja na familia yake, Théoneste kaja bila kualikwa na kula kuliko wote. Siku njema kabisa.

Leo jioni nimejaza fomu ya kuomba nafasi sekondari. Kuna mstari unaouliza kiwango cha elimu cha baba. Swafiya akasema andika ukweli, umeona ulivyotuletea baraka. Nikakubali kabisa. Lakini Théoneste limemponyoka neno kwamba kwenye fomu ya mwanawe ameandika "sekondari".

Nimeandika "chuo kikuu". Pana nafasi ya kutaja na somo, nikajaza "sheria", kwa mwandiko mzuri. Umuhoza kauliza sheria husomwa miaka mingapi. Nimemwambia inategemea na mtu.