Picha Mbovu za Cucu Ndizo Zilizobaki

Jamani, leo nimejimaliza mwenyewe bila msaada wa adui.

Jana nyanya yangu, Cucu, alikubali kupigwa picha hapa kwake Karurumo. Huyu ni mtu wa kujifunika uso na leso akiona kamera. Lakini dada yake alikuwa amekuja kutoka Timau, na kwa magoti waliyo nayo, safari kama hiyo si ya kurudiwa. Wakakaa kwenye benchi, wakashikana mikono, nikapiga. Leo asubuhi dada mtu akarudi kwake.

Picha nzuri niliziweka kwenye kompyuta, katika folda niliyoiita Cucu. Zile za kufumba macho nikaziweka kwenye nyingine, Cucu mbovu. Kadi ya kamera nikaifuta picha zote, maana kamera ni ya kuazima (heshima hizi zitaniua).

Mchana nikaamua kufuta zile mbovu. Mtu wa kawaida angebofya tu. Mimi niliyesomea kompyuta (muhula mmoja, lakini nauongelea kama digrii) nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri, binamu yangu Njeru akiangalia. Nikaandika amri ya kufuta folda: rm -r Cucu mbovu

Wanaojua wameshashika kichwa. Kompyuta ikikuta nafasi kati ya maneno, inahesabu vitu viwili. Ukitaka ijue ni jina moja, unatia alama ya \ kabla ya nafasi. Mimi sikutia. Ikafuta Cucu, na kwa amri hiyo hakuna kurudisha, kisha ikaniambia hakuna kitu kinaitwa mbovu.

"Wawira, umefuta Cucu?" Njeru akauliza.

"Punguza sauti, bana."

Cucu alikuwa mlangoni tayari, amemleta jirani aone picha. Akavaa miwani. Nikafungua zilizobaki. Dada yake anapiga chafya. Yeye mwenyewe mdomo wazi, anafukuza kuku. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

Cucu hakucheka. "Na ile tulishikana mikono iko wapi?"

"Haipo, Cucu. Ni mimi nimeifuta."

Akamtazama tena dada yake na chafya yake pale kwenye skrini. "Basi hii usiguse. Sijui kama tutaonana tena."

Nililia kidogo, sitawaficha. Njeru ndiye ameaminiwa kumwekea picha hiyo kwa simu. Mimi nimepewa sinia la maharagwe nichambue, mazuri huku, mabovu kule, na Cucu amevuta kiti anichunge. Mkicheka, chekeni polepole. Anasikia.