Nduma za Nyuma ya Bafu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na tai nilikuwa nimeifunga vizuri kabisa.

Mnanijua, wenzangu wa darasa la ngumbaru. Tangu mwalimu atuambie kwamba kinamasi husafisha maji, sijatulia. Nikachimba mtaro nyuma ya bafu, nikaujaza kokoto, nikapanda matete, na nduma, yale majimbi, katikati kwa sababu hazichoki kunywa. Maji ya kuoga yanaingia huku meusi kama chai ya sturungi, yanatoka kule yaking'aa hata unaweza kujitazama ukanyoa ndevu! (Ng'ombe alitaka kuyanywa. Nikamkataza. Mimi si mjinga.)

Sasa leo baba yake Chebet, mchumba wangu, amekuja kutoka Kapkatet kuona boma letu. Akiondoka, aseme kama Chebet ataolewa hapa au la. Amekuja na dada yake, shangazi wa Chebet, mama asiyepitwa na neno.

Mama yangu akaleta chai na nduma. Nduma nono, jamani, zinapasuka zenyewe! Mzee akala moja, akala nyingine, akashika ya tatu.

"Kijana," akasema (bado aliniita kijana tu), "hizi ni za wapi?"

"Za mtoni, mzee!" nikajibu, mdomo umejaa.

Nikaona sifa zinakuja zenyewe. Nikawatoa nje niwaonyeshe utaalamu. Mzee akafuata na nduma yake mkononi.

"Hapa," nikaanza, kifua mbele kama mbunge, "maji ya bafu yanaingia. Jasho la kuchuna chai, sabuni, tope la miguu, yote! Mizizi inafyonza. Uchafu wote unaishia kwenye mimea!"

Mama yangu akapiga makofi.

"Kumbe! Ndiyo maana zimenenepa hivi! Za mtoni zilikuwa kama vidole vya mtoto, nikachimba hizi."

Nikatazama mtaro. Katikati ya matete, mashimo mapya. Nikahesabu kwa vidole nduma nilizokwisha kula.

Shangazi akauliza polepole, "Na bafuni humo huoga nani?"

"Sisi sote," mama akasema. "Lakini huyu ndiye anayeoga sana."

Mama! Majani ya chai ya Kericho nzima yakaacha kutikisika. Mzee akaitazama nduma. Akanitazama mimi. Akaitazama nduma tena, kana kwamba tunafanana. Moyoni nikamwona Chebet wangu akienda zake.

"Wazee waliniambia nikimwoza binti nitakula jasho la mkwe," akasema. "Sikujua nitaanza leo."

Shangazi alikaa kwenye nyasi akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka mtaroni. Mimi nilikuwa nalegeza tai nipate pumzi.

Lakini mmesikia ameniita nani? Mkwe! Kwa hiyo msicheke. Na siku ya harusi, atakayeuliza nduma ziko wapi, huyo si rafiki yangu.