Kioo cha Gari na Heshima ya Mkwe

Jumatano, 1 Juni 1955. Busia.

Nimeamua. Nitamwoa Asio. Mwenyewe amekubali tangu wakati wa kupanda mtama. Baba yake, Mzee Ojulong, hukubali lolote akiwa na mrija wa pombe mdomoni. Amebaki mama yake. Mama Asio ni mwanamke wa maneno machache, na katika hayo machache bado sijasikia la kunisifu.

Tatizo lina jina: Osire. Fundi cherehani wa pale senta ya Mukuju. Ana baiskeli yenye taa, kengele na kioo kidogo kwenye usukani. Kila Mama Asio akitaka kusagiwa mtama, Osire yuko mlangoni anasubiri mfuko. Mtu hawi mwema kiasi hicho bila sababu!

Lakini leo habari njema. Jumapili ya tarehe 12 mjukuu wa Mama Asio anabatizwa Tororo mjini, na goti la bibi limevimba. Kutembea hawezi. Osire amejitolea kumbeba kwenye keria ya baiskeli, juu ya mto. Mto! Nimempelekea Asio ujumbe: mama yako atakwenda kwa gari.

Gari si langu. Ni la Mzee Zubairi, tajiri wangu, mwenye kazi ya usafiri hapa Busia. Gari dogo jeusi la kukodiwa kwa harusi na kwa wagonjwa, na mimi ndiye dereva wake. Leseni niliipata mara ya tatu. Mara mbili za kwanza mkaguzi aliamka vibaya.

Ijumaa, 3 Juni.

Mzee Zubairi amekubali. Alisema mgonjwa hakataliwi. Kisha akanikalisha ndani ya gari, akaanza kuniuliza kila kitu kama mtoto wa chuoni.

Nikajibu. Choki unavuta asubuhi, unairudisha injini ikipata moto. Breki ya mkono kabla ya kushuka, na jiwe nyuma ya gurudumu, kwa sababu breki ni chuma na chuma huchoka. Honi kwenye kona. Wipa kwa mvua, si kwa vumbi. Mkono wa ishara kabla ya kukata kona. Kioo kabla ya yote hayo.

Sikukosea hata kimoja! Mzee akaufunga mlango wa gari. "Mdomo yako inajua gari," akasema. "Miguu ndiyo sijui."

Jumatatu, 6 Juni.

Nilimpeleka mteja Mukuju, nikapita kwa kina Asio kuonyesha gari. Lengo langu lilikuwa ule mkono wa ishara. Ni kitu cha ajabu. Unabonyeza, na ubavuni mwa gari unachomoza mkono mdogo wa rangi ya machungwa, unawaka. Nikautoa mbele ya nyumba. Bibi jirani akaitikia salamu. Nikautoa tena, akaitikia tena, akaanza kuuliza habari za nyumbani kwetu.

Mambo yalikwenda vizuri hadi ulipokwama nje. Nikabonyeza. Nikapiga ngumi. Osire akatokea na baiskeli yake, akashuka bila haraka, akatundika kofia yake kwenye mkono wa gari langu, akaingia ndani kunywa uji. Watu wakacheka. Asio naye alicheka, ingawa aliziba mdomo.

Nitamkumbuka mtu huyu siku ya harusi yangu. Nitamweka mbali na nyama.

Alhamisi, 9 Juni.

Sikulala vizuri. Nimegundua jambo baya.

Leo asubuhi nilimbeba mwanamke wa Lunyo, mkubwa wa mwili, aliyekaa kiti cha nyuma. Nikatazama kioo cha juu, kile cha kuangalia nyuma. Uso wake wote ulikuwamo. Macho, pua, hata mahindi aliyokuwa akitafuna. Nikawaza: Jumapili kwenye kioo hicho nitakuwa na uso wa Mama Asio!

Sisi Wateso, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Nimeona mzee mzima akijificha nyuma ya mbuzi. Sasa mimi nikae na mkwe ndani ya kijisanduku hiki, uso wake ukining'inia mbele ya pua yangu kutoka Mukuju hadi Tororo?

Nilimweleza Mzee Zubairi. Akasema nimkalishe mbele. Mbele! Bega kwa bega! Mzee ni mtu wa mjini, mambo yetu hayajui.

Jioni.

Nimepata! Nimecheka peke yangu hadi mbwa wa Mzee akabweka.

Ng'ombe sijatoa hata mmoja. Kwa hiyo bado mimi si mkwe, ni kijana tu anayepita pita. Lakini nikikigeuza kioo kitazame dari, mbele ya ukoo mzima, nitakuwa nimemheshimu kama mkwe. Na anayeheshimiwa kama mkwe akakaa kimya, amekubali! Kioo kimoja, kugeuza mara moja, na nimekwishaingia kwenye ukoo. Osire atafanya nini? Atageuza kengele?

Jumamosi, 11 Juni. Mukuju.

Nimefika na gari limeng'aa. Nimeliegesha pua ikitazama mlango wa nyumba, kwa heshima. Mzee Ojulong alisema lingegeuzwa leo leo lielekee barabarani, ili kesho tutoke bila tabu. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba gari si plau.

Breki ya mkono nimevuta. Jiwe nimeweka. Asio aliniletea chakula, akaniuliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia ataona.

Jumapili, 12 Juni. Tororo, halafu Mukuju.

Naandika kwa utulivu.

Asubuhi ua ulijaa watu. Wazee walikuwa wamekizunguka chungu cha ajono, ile pombe yetu, katikati ya ua, mirija mirefu midomoni, wakiupokea ubatizo mapema. Osire naye alikuwepo na baiskeli na mto. Alisema amekuja endapo gari litakataa kuwaka.

Lilikataa kuwaka. Nilisahau choki. Osire akapiga kengele mara moja, polepole. Nikavuta choki, nikazungusha hendeli, likanguruma, nikaondoa jiwe.

Mama Asio akatoka. Nikageukia ukuta kama ipasavyo. Nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa. Nikaingia bila kugeuza shingo, Asio akakaa kando yangu. Ndipo nikainua mkono, taratibu, kila mtu aone, nikakigeuza kioo hadi kikatazama dari.

Mzee mmoja akasema kijana huyu amelelewa. Nilisikia kwa masikio yangu! Sijawahi kuwa na furaha namna ile.

Ilibaki kutoka tu. Na kutoka, kwa kuwa pua ilitazama mlango, ni kwa kurudi nyuma. Kurudi nyuma kunataka kioo, na kioo kilikuwa kinatazama dari. Nigeuze shingo? Nikigeuka tu, macho kwa macho na mkwe! Nikautoa mkono wa ishara. Nikapiga honi. Nikatia rivasi. Niliona aliyetahadharisha hana lawama.

Osire akanipigia kelele, "Emong! Simama! Chungu!"

Nikajua ni wivu. Nikaongeza mafuta kidogo.

Chungu kikivunjika hakitoi kelele kubwa kama mtu anavyodhani. Hakuna aliyeumia. Wazee waliruka kama vijana. Mzee Ojulong peke yake alibaki kwenye kigoda, mrija mdomoni, ncha ya pili ikiwa hewani, na kwa muda akaendelea kunyonya. Breki ya mkono ilishika vizuri sana. Mzee Zubairi nitamwambia hilo kwanza.

Kisha, kutoka kiti cha nyuma, sauti ya Mama Asio. Hakusema nami, maana hairuhusiwi. Alisema na dari. "Mwambieni huyo mtu wa usukani kwamba nyuma kuna watu."

Tukaondoka. Karibu na Tororo, ule Mwamba mkubwa wa mji ukiwa umeshaonekana, lori la saruji likaanza kupiga honi nyuma yetu. Nikadhani wanatupongeza. Nikajibu. Wakapiga tena, nikajibu tena. Nikautoa na mkono wa ishara, nikawasalimu. Mama Asio akamwambia Asio aniambie kwamba lori linataka kupita. Nikamwambia Asio amwambie mama kwamba mimi ni dereva. Lori likapita majanini, watu wake wakisema maneno ambayo siyaandiki siku ya Bwana. Vumbi likafunika kioo cha mbele, nikawasha wipa, na sasa kioo cha mbele kina michirizi miwili mirefu.

Mtoto alibatizwa vizuri. Tulipotoka kanisani, Osire alikuwa nje, amelowa jasho, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ameendesha baiskeli nyuma yetu njia nzima. Ule mto ulikuwa safi, ameufunika kwa shati lake.

Nilikuwa nimegeukia ukuta, sikuona. Asio ndiye aliyenieleza. Mama alilitazama gari. Akautazama mto. Akapanda mto.

Nikawafuata kwa gia ya kwanza hadi Mukuju, nikitazama mashamba ya pamba. Asio alikuwa nyuma peke yake, akicheka hadi akalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na huzuni ya kweli.

Jumatatu, 13 Juni. Busia.

Mzee Zubairi alilizunguka gari. Nikamwambia kwanza kuhusu breki ya mkono. Akafika nyuma, akaitazama bampa iliyobonyea. Akainama, akanusa. Gari la Mwislamu, linanuka ajono kama kilabu! Nikasema labda ni betri.

Akaniuliza kama gari nalo limebatizwa.

Nimeliosha gari kwa sabuni asubuhi, mchana na jioni. Kesho tena.

Jumanne, 14 Juni.

Asio amekuja sokoni na njugu. Nilimnunulia chai na mandazi, nikangoja hukumu.

Alianza na mama yake. Mto ulimsaliti. Baiskeli iliingia shimo karibu na nyumbani, na sasa goti ni kama boga. Nilisikitika, kisha nikafurahi kidogo, kisha nikasikitika tena kwa kuwa Asio alikuwa ananitazama.

Halafu akaniambia jambo ambalo limenikosesha raha. Jumapili ile mama yake aliingia garini akiwa amejifunika shuka jeupe kutoka utosini hadi magotini. Alilitayarisha tangu Ijumaa. Alijua gari lina kioo, aliwahi kuona kwa padri. Njia nzima alikaa ndani ya shuka, na kuhusu lori alijua kwa masikio. Kwenye kioo nisingeona chochote ila nguo. Watu wote uani walimwona isipokuwa mimi.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Asio akasema wote walidhani nimetazama kabla ya kurudi nyuma, kama watu wengine.

Kisha maneno ya Mama Asio mwenyewe. Heshima ya njiani ni kupishana. Heshima ya garini ni kufika. Jumatatu ijayo anataka kupelekwa hospitali ya Tororo kwa ajili ya goti, na Mzee Zubairi, kwa kuwa mgonjwa hakataliwi, ameshakubali. Nilete chungu kipya. Kioo kikae mahali pake. Nikimfikisha na kumrudisha salama, Mzee Ojulong ataanza kuzungumza habari za ng'ombe. Nikishindwa, Osire ameshauliza bei ya ndama.

Asio aliinuka, akajitwika kikapu chake. "Emong, kioo kiache," akasema. "Mimi nataka kuolewa mama yangu akiwa hai."

Machozi yalinilengalenga. Anataka kuolewa!

Alhamisi, 16 Juni.

Nimenunua chungu. Kikubwa kuliko kile.

Nimekaa ndani ya gari muda mrefu, nikitazama kioo, nikifikiri. Mama Asio ni mwanamke mwenye akili, na nimemwelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa kugusa kioo. Kioo hakina hatia.

Lakini je, shuka likiteleza? Barabara ina mashimo. Shuka likiteleza, nikamwona, Osire atakuwa na neno la kusema hadi wajukuu wangu.

Jumapili, 19 Juni. Usiku.

Kesho ni kesho. Kila kitu tayari.

Kioo kiko mahali pake, nimekipangusa, kinatazama nyuma kabisa kama alivyoagiza. Gari nitaliegesha pua barabarani. Chungu kipya nimekifunga kwa kamba juu ya bampa ya nyuma, ambako hakitamsumbua mtu.

Na shuka likiteleza, nimejikinga. Nimeazima miwani ya jua ya Mzee Zubairi. Mama Asio alizungumza juu ya kioo cha gari. Juu ya miwani hakusema neno! Nilipoivaa bado nilimwona mbuzi wa jirani, tena vizuri sana, hivyo nimeipaka masizi ya sufuria kwa ndani. Nimeijaribu uani jioni hii. Mbuzi haonekani. Ukuta hauonekani. Hata gari lenyewe nililipata kwa kupapasa.

Sina wasiwasi. Barabara ya Tororo naijua kwa moyo.